Watatu Waliomlimia Mama

Nakaa mjini Morogoro sasa, jirani na uwanja ambapo malori ya Mgeta hushusha mboga. Mvua ikinyesha asubuhi, majani ya kabichi yaliyopondwa na magurudumu huanza kutoa harufu yake, nzito, kali puani, na kwa chini yake kuna utamu kidogo na udongo uliolowa. Wajukuu zangu hukimbia kufunga madirisha. "Babu, kunanuka!" Mimi husubiri waende shule, halafu nafungua tena.

Harufu ile ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono ya mama. Alikuwa na shamba dogo kule juu milimani, kando ya kijito, kwenye udongo mweusi ambao ukiushika unabaki kwenye mistari ya kiganja hadi jioni. Shamba halikuwa la baba. Kwetu Waluguru ardhi huja kwa upande wa mama, kwa hiyo lilikuwa la ukoo wa mama, na aliyekuwa na neno la mwisho juu yake ni mndewa, mkuu wa ukoo. Wakati huo mndewa alikuwa mjomba Anselimi, mtu mpole, mwembamba, ambaye akifikiri jambo gumu alikuwa akijivuta sikio la kushoto, na kwa sababu ukoo wetu haukukosa mambo magumu, tuliamini sikio lile lilikuwa refu kuliko la kulia.

Baba alikufa kwa homa ya mapafu nikiwa na miaka minane. Alituachia mbuzi wawili, redio isiyo na betri, na koti lake la kijani la mvua ambalo mama alilitundika nyuma ya mlango na hakulitoa tena. Mama akiwa hayupo nilikuwa nalivaa. Lilinifika kwenye vifundo vya miguu. Niliisimamisha kola yake shingoni kama alivyokuwa akifanya baba, nikazunguka chumbani nikipiga mluzi, kisha nikalirudisha msumarini kabla sijafumwa.

Baada ya mazishi mama alibaki na kazi ya watu wawili. Mchana alikuwa na matenga ya kupeleka kwenye lori, kuni, maji, nguruwe, bibi yangu mzaa mama ambaye magoti yalikuwa yamemkataa, na mimi. Muda wa kulima ukabaki ule wa alfajiri. Alikuwa akishuka kijitoni ukungu ungali umelala bondeni, anasimama mwanzo wa tuta, anachora msalaba ardhini kwa pembe ya jembe, anasema, "Bariki, Baba," basi, maneno mawili, halafu anainama. Jua likitoka alikuwa amekwisha panda kurudi nyumbani. Watu wakiamka na kutazama ng'ambo wanakuta matuta yamepangwa, magugu hakuna, kabichi zimefunga kama vichwa vya watoto. Mwenye kulima hawakumwona.

Mwaka mmoja ugonjwa uliingia kwenye kabichi za mlima wetu. Majani yalianza kuwa na mishipa myeusi, kisha kabichi inaoza kutoka ndani, ukiikata inatoa maji. Walioathirika walikuwa wengi, na aliyeathirika kuliko wote ni mama mkubwa Leokadia, binti wa dada yake bibi, aliyelima kipande cha juu yetu. Za mama hazikuoza. Mimi leo nadhani ni kwa sababu ya samadi ya nguruwe, na majivu, na kwamba aling'oa jani lililougua siku ile ile alipoliona. Mama angesema ni baraka tu, na pengine hatukuwa tukisema vitu viwili tofauti.

Mama mkubwa Leokadia alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na kicheko chepesi, na mimi nilimpenda sana, maana hakuwahi kuniacha nipite mlangoni kwake bila kunitia kitu mkononi. Mwaka ule kicheko kilikauka. Siku moja tukiwa tumesimama na matenga tunasubiri lori, alisema mbele ya wanawake wenzake, "Jamani, hebu nisaidieni. Shamba la mdogo wangu Veronika linalimwa na nani? Mume hana. Kibarua hana. Mchana kutwa namwona njiani. Linalimwa na nani?"

"Linajilima," mama akajibu huku akifunga tenga, na wanawake wakacheka.

Lakini swali lilibaki. Kama hukukulia kwetu nikueleze kidogo. Watu waliamini, na wapo wanaoamini hadi leo, kwamba mchawi anaweza kumchukua mtu kabla ya wakati wake. Nyinyi mnalia, mnazika, kumbe mmezika mgomba, na mtu wenu yupo kwa mchawi, amekatwa ulimi, analishwa pumba, na anatumwa kulima wakati watu wamelala. Huyo anaitwa msukule. Kumwambia mjane kwamba ana misukule ni kumwambia kwamba huenda mumewe mwenyewe alimuua.

Nilikuwa na miaka kumi, nikijua maana ya neno na nisijue uzito wake.

Beno, mtoto wa mama mkubwa Leokadia, alikuwa na umri wangu na nguvu mara mbili yangu. Siku moja tulikuwa tunatoka shule, yeye, wavulana wengine wawili na mimi nyuma yao kama kawaida. Akageuka.

"Eti Kosma, nani anawalimia nyie? Mama yako kanunua trekta?"

"Trekta lipande huku? Litabiringika na dereva wake hadi Mgeta sokoni!" mwingine akadakia, wakaangua kicheko.

"Basi atakuwa analima huyu," akasema Beno, akanishika mkono na kuuinua ili wenzake wauone ulivyo mwembamba. "Oneni trekta la Veronika!"

Kumtaja mama yangu kwa jina, vile, njiani! Nikavuta mkono wangu na nikasikia kinywa changu kinasema, "Tunao watatu."

"Watatu nini?"

"Si unajua mwenyewe."

Kicheko kilikatika. Ndugu zangu, sijui kama mmewahi kukaa miaka nyuma ya kundi na ghafla kundi likawazunguka. Ni ulevi. Wakaniuliza, nami nikawajibu. Mmoja ni kilema, anateka maji tu. Mmoja ni mfupi, anapalilia, ana hasira, inabidi afungwe kamba. Na wa tatu?

Wa tatu sikumfikiria. Alikuja mwenyewe. Nikasema wa tatu ni mrefu, ndiye anayelima matuta, na yeye ni mpole, anavaa koti la kijani, kola imesimama, na akilima anapiga mluzi.

"Muongo!" Beno akasema, akionekana kupata ahueni. "Msukule hana ulimi. Atapigaje mluzi?"

"Mluzi unapigwa kwa midomo."

Tukasimama wanne pale njiani, kila mmoja ameukunja ulimi wake nyuma kabisa, tunajaribu kupiga mluzi bila kuutumia. Mmoja akaweza, au alisema ameweza, na hapo maneno yangu yakawa kweli.

Kwa siku nne nilikuwa mtu mkubwa. Beno aliniletea pichi mbili zilizoiva. Nilitembea mbele.

Siku ya tano tulikwenda kuteka maji, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakasogea wote pembeni. "Teka, Mama Kosma, teka wewe kwanza." Nilidhani ni heshima. Mama akateka, akashukuru, na tulipokuwa tunapanda aliniuliza, "Kuna msiba nisioujua?" Jumapili yake kanisani tulipokaa, benchi letu lilibaki na nafasi ya watu watatu, na mabenchi mengine yamejaa hadi ukutani. Mama aliimba kama siku zote. Mimi nilikuwa nahesabu ile nafasi. Watatu kamili.

Wiki iliyofuata, baada ya misa, mjomba Anselimi aliita kikao cha ukoo uani kwake. Tulisalimiana kwa heshima zote, tumsifu Yesu Kristo, milele amina, shikamoo, marahaba, kama watu waliokuja kula. Kisha mama mkubwa Leokadia akasimama. Hakupiga kelele siku hiyo. Alisema kabichi zake zimekufa, na mtu anayekula nguvu za mashamba ya wenzake anajulikana.

"Tunao ushahidi," akasema. "Wapo watatu. Mmoja kilema. Mmoja mfupi, anafungwa kamba. Na mmoja mrefu, anavaa koti la kijani, kola kaisimamisha hivi, na anapiga mluzi."

Watu wakaguna. Kila mmoja pale alikumbuka koti lile na aliyekuwa akilivaa. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka miguu imenyooshwa mbele. Hakumtazama Leokadia. Aligeuza kichwa akanitazama mimi, mara moja tu, macho yamejaa kitu ambacho nilidhani ni hasira, kisha akatazama mbele.

"Nani aliyekwambia hayo?" mjomba akauliza.

"Mtoto wake mwenyewe alimwambia Beno."

Mjomba akavuta sikio lake. "Kosma, baba, sogea hapa. Usiogope. Ulisema maneno haya?"

Jibu lilikuwa neno moja. Nilitunga. Kama ningelisema, ningechapwa, jina la mama lingesafishwa, na mambo yangeishia pale uani. Nililipeleka hadi kwenye meno. Halafu nikawaona wajomba, mama wakubwa, mabinamu, wote wananitazama, nikasema, "Sikusema mimi. Beno ndiye aliyetunga."

"Muongo!" Beno akapiga kelele, na hapo hapo mama yake akamnasa kofi la kumnyamazisha. Akalia. Alikuwa amesema kweli tupu, akapigwa mbele ya ukoo mzima, na mimi nikarudi nyuma ya mgongo wa mama.

"Mmeona?" Leokadia akasema. "Mtoto ameshafundishwa kuficha!"

Mjomba akamuuliza mama ana la kusema. Mama alikunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Kaka, mume wangu nilimwosha kwa mikono hii, na nyote mlikuwepo tulipomshusha. Zaidi ya hapo sina. Shamba nilipewa na ukoo. Ukoo ukilitaka, nalirudisha, na ninashukuru kwa miaka niliyolima. Mungu hakunibariki kwa sababu ya kijito. Mtakaponiweka atanikuta."

Mjomba hakuamini habari ya misukule, nafikiri. Aliogopa ukoo kupasuka. Akaamua kwamba mavuno yakiisha Leokadia achukue kipande cha kijitoni, na mama apewe kingine, juu kabisa, kando ya njia ya kanisani, ambacho hakikuwa na mtu kwa sababu kilikuwa na mawe kuliko udongo.

Bibi ndiye aliyewaka. Alikaa jikoni na magoti yake akitoa amri kama jemadari. "Nenda kwa mganga, Veronika. Kuna mmoja bondeni, anafunga midomo ya watu. Jikinge, mtoto ajikinge, hata mbuzi wajikinge!"

"Mama, nimeshabarikiwa," mama akasema, akichochea moto. "Nikienda kutafuta kingine, si nitakuwa namwambia Mungu hakikutosha?"

"Na watu wanaokutakia mabaya?"

"Watake. Kutaka si kupewa."

Bibi akasonya sonyo refu hadi mbuzi wakageuka.

Basi tukahamia kwenye mawe. Mama alichora msalaba wake pale pale, jembe likilia tii juu ya jiwe, na tangu siku hiyo sala yake ikaongezeka. "Bariki, Baba. Bariki kabichi za Leokadia. Na yule aliyetusema vibaya, mpe amani, asiumie." Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kikapu changu, kwa kuwa sasa niliamka naye, nikibeba mawe hadi kengele ya shule. Hakuniamrisha. Nilibeba mawe kuliko uwezo wangu, nikitaka yaniumize, na yaliniumiza. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaombea kabichi za mtu aliyetunyang'anya.

"Za kwake zikimtosha," akasema, "atapata wapi nafasi ya kuhesabu zangu?"

Ningependa niwaambie kwamba za Leokadia zilioza. Nilisubiri zioze. Kila siku nikitoka shule nilipita kuzichungulia, nikitafuta mshipa mmoja mweusi. Hazikuoza. Zilistawi, zikafunga, zikawa kubwa kuliko tulizowahi kuvuna sisi. Udongo ule haukujua kubagua. Na mama alipoziona alipiga kigelegele kimoja, peke yake, kule juu kwenye mawe.

Kumbe kule juu kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekifikiria. Shamba lilikuwa njiani. Waliokwenda misa ya asubuhi walimkuta mama ameinama, waliokwenda kuwahi lori walimkuta, jasho linamtoka, kisigino kimepasuka, anang'oa jiwe kwa mtaimbo. Hakuna msukule pale. Siku ya kwanza walipita kimya. Baada ya wiki kadhaa mmoja akasema, "Pole na kazi." Mwingine akasema, "Kumbe Mama Kosma unaamka mapema hivi?" Kabla ya masika kuisha, wanawake wawili walishusha mizigo yao wakamsaidia kusukuma jiwe moja ambalo lilikuwa limetushinda.

Na midomo ya watu, kwa kuwa haikuzoea kukaa bure, ikahamia kijitoni. "Jamani, na Leokadia naye, kabichi zile! Analimiwa na nani?" Nilisikia maneno hayo kwenye foleni ya maji na moyo wangu ukaruka kwa furaha, sioni haya kuandika hivyo, au tuseme naona haya na ninaandika. Mama alikuwa ameinama anajaza ndoo. Akainuka.

"Mtamwona wapi Leokadia alfajiri, wakati bado mmejifunika?" akasema. "Pale maji yanakuja yenyewe. Nililima miaka, najua. Mwacheni mtu ale jasho lake."

Aliyekuwa nyuma yetu, na ndoo yake kichwani, alikuwa Leokadia. Jioni ile Beno alikuja na tenga la kabichi, akaliweka mlangoni, akaondoka bila kunitazama. Hakunitazama kwa miaka mingi. Alikwenda Dakawa kulima mpunga akiwa kijana, na huko yupo, na msamaha ninaodaiwa naye sijauomba. Nimepanga safari hiyo mara nyingi.

Kwa mama nilikiri nikiwa mtu mzima, nina mke na mvi za kwanza. Alikuwa mgonjwa, nimemleta mjini akae nami. Nikamwambia yote, kuanzia njiani hadi uani kwa mjomba. Alinisikiliza huku akimenya chungwa.

"Nilijua," akasema. "Kola ile nani mwingine angeisimamisha?"

"Sasa kwa nini hukusema? Ungewaambia mtoto katunga."

"Wangekuchapa. Na wangekuita mtoto wa maneno ya kichawi, jina ambalo kwetu halifutiki. Nilipokutazama niliona mtoto anamtaka baba yake. Ningekupeleka kwao vipi?" Akanipa kipande cha chungwa. "Mimi walikuwa hawawezi kunifanya kitu, Kosma. Nilikuwa nimeshabarikiwa."

Mama hayupo tena, na Leokadia hayupo. Miaka yote ya utoto nilidhani mama yangu alikuwa na adui mmoja, na kwamba adui huyo alikaa nyumba ya pili. Nilikuwa mzee tayari nilipokubali kwamba Leokadia hakutunga neno hata moja. Mwanawe alikwenda nyumbani na habari ya kutisha, mazao yake yamekufa, akaogopa kama ambavyo mtu yeyote angeogopa. Aliyemtia mama yangu kinywani mwa watu, akampotezea shamba, akashindwa kumtetea mbele ya ukoo wake, nilikuwa mimi.

Na kila alfajiri kwenye mawe yale, alipomaliza kumwombea Leokadia, akafika kwa yule aliyetusema vibaya, apewe amani, asiumie, mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na kikapu mkononi, nikiitikia amina kwa sauti, bila kujua kwamba nimetajwa.